Nani Amngoje Nani? Televisheni ya Zanzibar na Picha Inayochelewa

Ukiuliza historia ya televisheni hapa Unguja utajibiwa haraka, tena kwa kifua mbele: sisi tulitangulia. Na ni kweli. Mpango ulikuwa wa Mzee Karume, aliyeuawa tarehe 7 Aprili 1972 kabla ya kuyaona matunda yake, na chini ya Mzee Aboud Jumbe Televisheni Zanzibar ikaingia hewani mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa rangi. Afrika Kusini ilianza Januari 1976. Wenzetu wa Bara wakangoja mpaka 1994. Haya, tumejisifu vya kutosha. Mie nataka tuzungumze habari ambayo haimo katika hotuba: ule muda mdogo kuliko kupepesa jicho, ambao fundi wa studio hupambana nao ili picha mbili zifike pamoja.

Rangi ya TVZ ilikuwa ya mfumo wa PAL, uliobuniwa Ujerumani na Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken. Picha 25 kwa sekunde, kila picha mistari 625. Ndani yake rangi hubebwa na wimbi linalopiga zaidi ya mara milioni nne kwa sekunde, na mahali lilipofika pigo hilo ndipo panaposema kanga hii nyekundu, ile ya kijani. Sasa, picha ikisafiri kwenye kebo hupoteza kama nanosekunde 5 kwa kila mita. Nanosekunde ni sekunde moja iliyogawiwa mara bilioni. Si kitu, utasema. Lakini pigo zima la wimbi la rangi ni nanosekunde 225 tu! Mita moja ya kebo iliyozidi imeshalisogeza pigo nyuzi 8 kati ya 360. Kamera ya kushoto ikizidiwa kebo mita kumi, na hakuna aliyerekebisha, basi miksa ya picha ikihama kutoka kamera hadi kamera rangi hupauka. Mwimbaji ni yule yule, gauni ni lile lile, lakini utadhani limeanikwa juani mwezi mzima.

Na hapo bado hatujagusa madoido. Tuseme mtayarishaji anataka picha ya wapiga fidla ifutwe taratibu na picha ya mwimbaji, au msomaji habari abandikwe juu ya picha ya bandari. Picha inayokwenda kutiwa madoido hupitishwa kwenye vifaa vyengine ndipo irudi. Ile inayokwenda moja kwa moja imeshafika zamani. Ufanye nini? Aliyechelewa humharakishi. Unamchelewesha aliyewahi. Katika studio za zama zile, nyuma ya makabati, palikuwa na mabunda ya kebo yaliyozungushwa kama kamba za jahazi. Hayakuwa yakienda popote. Mgeni angedhani ni takataka za mafundi, kumbe kazi yake ni kungojesha tu: picha iliyo na njia fupi izunguke humo kwanza, wenzake wafike.

Dijitali ilipokuja, tatizo likakua badala ya kufa. Katika Michezo ya Olimpiki ya Montreal, 1976, kifaa cha kampuni ya Quantel ya Uingereza kiliweza kupachika picha ndogo ya mwenge ndani ya picha kubwa. Watu wakashangaa, na walikuwa na haki. Lakini ili kuipunguza picha lazima kwanza uihifadhi yote, nayo fremu moja ya PAL ni milisekunde 40. Tumetoka kwenye nanosekunde, tumeingia kwenye muda ambao mtu wa kawaida anaweza kuuona. Pitisha picha kwenye vifaa vitatu vya namna hiyo, imechelewa milisekunde 120, na sauti imeshatangulia nyumbani kwa mtazamaji.

Hapa ndipo taarab inapoumbuka. Wataalamu wa kimataifa wa utangazaji wamepima: mtazamaji huanza kushtuka sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45, lakini ikiwa nyuma huvumilia hata 125. Sababu si ngumu. Kaa jukwaani Amaan, mita mia kutoka kwa mpiga mpira: utaona mguu kwanza, mlio utakuja baada ya karibu theluthi ya sekunde. Tumezaliwa tukiiona sauti ikichelewa. Sauti inayotangulia mdomo ni jambo la majini.

Wako wanaosema, basi chelewesha sauti pale tu madoido yanapoingia. Sikubaliani. Mwimbaji yuko katikati ya beti, fundi anabonyeza, sauti inaruka kama sahani ya santuri iliyokwaruzwa. Afadhali kila kitu kingojeshwe sawasawa tangu mwanzo hadi mwisho, kamera zote na sauti, madoido yawepo yasiwepo. Kuna gharama, kweli: ukiweka skrini kubwa ukumbini, wasikilizaji humwona mwimbaji wa kwenye skrini akimfuata nyuma yule aliye jukwaani. Wapiga ngoma wakiitazama skrini hiyo, wamekwisha.

Mwaka 2013 TVZ na Sauti ya Tanzania Zanzibar zikaunganishwa kuwa Shirika la Utangazaji Zanzibar, ZBC. Mwaka huo huo, Aprili, Bi Kidude akafariki. Nayaweka pamoja kwa sababu waliobaki tutawaona kwenye mikanda, na mkanda wa zamani ukihamishiwa kwenye kompyuta hupitishwa kwenye kifaa cha kutuliza picha, ambacho nacho mara nyingi huhifadhi fremu nzima kabla ya kuiachia. Sauti haipiti humo. Nakala ya kwanza itatoka na kosa la milisekunde 40, na watu wataivumilia. Ikinakiliwa tena kwa njia hiyo hiyo ni 80, mdomo umeshaachwa nyuma. Kwa hiyo sauti irudishwe nyuma fremu moja kwa kila mpito, pale pale mkanda unapozunguka, na aliyefanya kazi hiyo aandike kwenye jalada amerudisha ngapi.