Mama, Mwalimu wa Kwanza: Kutoka Pugu hadi Kibaha



Kila tunapotembelea Jumuiya, akina mama hutuuliza: mwenye watoto wengi, shamba na biashara ndogo atapata wapi muda wa kuwafundisha wanawe imani? Juma hili tujibu kwa historia ya kwetu.

Mwaka 1888 wamisionari Wabenediktini walifungua misheni Pugu, mlangoni mwa Kisarawe. Tarehe 13 Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, misheni ilivamiwa na kuteketezwa. Watatu waliuawa, mmoja wao akiwa sista, na wengine wakatekwa. Kazi ya majengo ilitoweka kwa siku moja.

Wala tusidhani kwamba elimu huku ilianza na kengele ya misheni. Wazaramo walimweka mwali ndani kwa miezi mingi, akifundwa na wanawake wakubwa wa ukoo. Nyumba ilikuwa shule, na mwalimu wake alikuwa mwanamke. Injili ilikuta msingi huo tayari, ingawa (tuseme kweli) si kila kilichofundwa humo kilipatana nayo.

Twende mbele hadi 1953. Mama Maria Nyerere, mwalimu kwa taaluma, alifunga ndoa Januari mwaka huo, kisha akahamia Pugu, ambako mumewe alifundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko. Mwaka 1955 Mwalimu aliacha kazi kwa ajili ya siasa, na mshahara ukakoma. Mama akafungua duka dogo Dar es Salaam, huku akilea watoto wadogo na kupokea wageni wasiokwisha. Alijaliwa watoto wanane. Wanaosema kwamba malezi ya Kikristo yanahitaji nyumba tulivu na waitazame nyumba ile!

Uhuru ulipopatikana, shule ziliongezeka. Kibaha ilipata mradi mkubwa wa nchi za Nordiki mwaka 1963, wenye shule, afya na mafunzo ya wakulima. Ndio Shirika la Elimu Kibaha la leo. Sheria ya Elimu ya 1978 ikawalazimu wazazi kuwaandikisha watoto shuleni. Tuliishukuru Serikali, na tunaishukuru bado. Lakini taratibu wazazi tulianza kudhani kwamba kwa kumkabidhi mtoto kwa mwalimu tumemaliza, ilhali Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulikuwa umetamka mwaka 1965 kwamba wazazi ndio walimu wa kwanza na wakuu.

Leo mama wa Kibaha hupanda daladala alfajiri kwenda kazini mjini, akarudi watoto wamelala. Hatumlaumu. Tunachohofia ni mtoto wa miaka sita kupelekwa bweni kwa sababu tu majirani wamepeleka wao. Huyo atajifunza Ishara ya Msalaba kwa nani? Zipo dakika za kuchambua mchele, za kusuka nywele, za kutembea kwenda Misa. Baba naye ana mikono ya kuchota maji, ili mama apate kuketi na watoto. WAWATA, chama kilichoanza mwaka 1972, wanayajua haya kuliko sisi mapadre. Tumewaomba walizungumze jambo hili katika mkutano wao ujao, na akina baba wakaribishwe kusikiliza.