UPANGA WA SULEMANI NA WATOTO WA SHORT CREEK

Leo nakuomba dakika chache tu. Chukua Biblia yako, fungua 1 Wafalme 3 kuanzia mstari wa 16, uiweke karibu. Nitakupitisha kwanza kwenye historia, halafu tutarudi kwenye Neno.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 26 Julai 1953, alfajiri. Short Creek kilikuwa kijiji kidogo mpakani mwa majimbo ya Arizona na Utah, kule Marekani. Usiku huo mwezi ulipatwa, na serikali ya Arizona ilikuwa imeutegemea giza hilo. Askari kama mia moja waliingia kijijini. Lakini siri ilikuwa imeshavuja. Walinzi wa kijiji walilipua baruti kuwaamsha wenzao, na askari walipofika waliwakuta watu wamekusanyika penye shule, wanaimba nyimbo za dini.

Watu hawa walikuwa nani? Walikuwa wafuasi wa kundi lililojitenga na kanisa kuu la Mormoni. Kanisa lile lilitangaza kuacha ndoa za wake wengi mwaka 1890. Wachache wakakataa, wakasema aliyeacha amemwasi Mungu. Wakahamia mahali pa mbali ambapo mkono wa sheria ulifika kwa shida. Mzee mmoja wake kadhaa, watoto wengi, na wasichana wakiozwa mapema kwa wanaume waliochaguliwa na viongozi.

Gavana Howard Pyle alitangaza redioni kwamba anazima uasi na kuwaokoa watoto. Wanaume wakakamatwa. Watoto 263 wakachukuliwa chini ya ulinzi wa serikali, wakapakiwa kwenye mabasi pamoja na mama zao, wakapelekwa mbali, wengi wakakaa katika nyumba za watu wasiowajua.

Sasa fikiria nami, mpendwa. Gavana alikuwa amewaalika waandishi wa habari waje washuhudie ushindi wake. Picha zilizotoka zilionyesha watoto wanalia na mama wamewakumbatia. Taifa likamgeukia. Wanaume waliokiri kosa walipewa kifungo cha nje cha mwaka mmoja, ilhali watoto wapatao 150 walikaa zaidi ya miaka miwili kabla ya kurudishwa kwa wazazi. Mwenye kosa alirudi nyumbani mapema kuliko mtoto asiye na kosa! Mwaka 1954 Pyle alishindwa uchaguzi.

Hapo ndipo jambo la kusikitisha zaidi linapoanza. Wanasiasa walijifunza somo baya: usiguse watu wale, utapoteza kura. Kwa karibu miaka hamsini wenye mamlaka walitazama kando. Kijiji kilibadilishwa jina, upande wa Arizona ukaitwa Colorado City na upande wa Utah Hildale. Watu waliongezeka, viongozi wakapata nguvu juu ya kila nyumba. Na wasichana wakaendelea kuozwa. Kosa la kukimbilia upanga lilizaa kosa la kunyamaza, na bei ya yote mawili ililipwa na watoto.

Mwaka 2002 uongozi ulimwangukia Warren Jeffs, ambaye wafuasi wake walimwita nabii. Yeye ndiye aliyeamua nani amwoe nani. Aliweza hata kumfukuza mwanamume na kumpa mwingine wake na watoto wake. Sehemu ya watu wake walijenga makao mapya karibu na mji wa Eldorado, jimbo la Texas, wakajenga na hekalu jeupe lililoonekana kutoka mbali.

Mwishoni mwa Machi 2008 simu ilipigwa. Sauti ilijitambulisha kama msichana wa miaka 16 aliyeozwa kwa nguvu na kupigwa. Serikali ya Texas ikaingia ndani ya makao yale na kuwaondoa watoto zaidi ya 400, wachanga kwa wakubwa, wavulana kwa wasichana. Baadaye ikaonekana simu ile ilikuwa ya uongo. Msichana yule hakuwepo.

Tarehe 29 Mei 2008 Mahakama ya Juu ya Texas ilikubaliana na mahakama ya rufaa: serikali haikuonyesha kwamba kila mtoto alikuwa katika hatari ya papo hapo. Watoto wakarudishwa. Wengi wakasema, basi, mambo yameisha, watu wale walikuwa wanaonewa.

Ngoja kidogo. Usikimbilie kufunga kitabu. Idara ya watoto iliendelea kuchunguza, mtoto mmoja mmoja, faili moja moja. Ikathibitisha kwamba wasichana 12 walikuwa wameozwa wakiwa na umri wa kati ya miaka 12 na 15. Kumbukumbu zilizopatikana ndani ya makao yale, zilizoandikwa na wao wenyewe, zikawafunga wanaume kadhaa. Agosti 2011 Warren Jeffs alihukumiwa kifungo cha maisha, na miaka 20 juu yake, kwa kuwadhulumu kimwili wasichana aliowaita wake zake. Mmoja alikuwa na miaka 12.

Kwa hiyo simu ilikuwa ya uongo, lakini kilio kilikuwa cha kweli.

Sasa turudi kwa Sulemani. Wanawake wawili, mtoto mmoja. Mfalme aliagiza upanga, na sisi tukihubiri tunaupenda sana upanga ule. Lakini angalia vizuri: upanga ule haukumgusa mtoto. Uliletwa ili ukweli utoke. Kwanza Sulemani aliwasikiliza wote wawili, neno kwa neno, ndipo akaamua. Serikali ya 1953 iliinua upanga kabla ya kusikiliza. Serikali za miaka iliyofuata ziliusikia mgogoro zikaondoka kwenye kiti. Mtoto anahitaji mfalme asikilize, na pia anahitaji mfalme aamue.

Na kanisa je? Soma habari za Eli katika 1 Samweli 2 na 3. Eli alijua wanawe wanafanya nini mlangoni pa hema. Alisema maneno mawili matatu, kisha akawaacha. Mungu hakumhesabia kutojua. Alimhesabia kutowazuia.

Mpendwa, usiseme hayo ni ya Wamarekani. Shakahola iko Kilifi, na mwaka 2023 tulifukua miili zaidi ya mia nne katika msitu ule, watoto wakiwemo. Nabii anapokwambia mtoto wako asiende shule, asitibiwe, asiongee na shangazi yake, au kwamba binti wa darasa la saba ameonyeshwa mume katika maono, huyo hahitaji maombi yako ya faraghani peke yake. Ondoka, useme. Nenda kwa chifu, nenda kwa afisa wa watoto, au piga 116, ni bure. Sema ulichokiona, usiongeze chumvi. Kenya mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, na hakuna upako unaobadilisha umri huo.

Na wewe mtumishi mwenzangu, kanisa ambalo watoto wake hawawezi kuulizwa swali na mtu wa nje, hilo tayari limejijibu.

Baba, tupe masikio ya Sulemani na ujasiri wa kuamua. Walinde watoto waliofichwa nyuma ya jina lako. Katika jina la Yesu.

Kama unakubaliana, andika AMINA, kisha mtumie mzazi mmoja ujumbe huu.