Lugha ya Kazi katika Ujenzi wa Reli ya Uhuru, Mlimba hadi Makambako

Makambako ni njia panda. Hapo barabara itokayo Songea na Njombe hukutana na ile iunganishayo Iringa na Mbeya. Na hapo ndipo reli itokayo Dar es Salaam, baada ya kuliacha bonde la Kilombero na kupanda milima, hufika nyanda za juu. Mkataba wa kuijenga reli hiyo, yenye urefu wa kilomita 1,860, ulitiwa sahihi Beijing mwaka 1967 baina ya China, Tanzania na Zambia, na kazi ikazinduliwa Oktoba 1970. Mengi yamekwisha andikwa juu ya fedha na siasa zake. Machache juu ya swali hili: wajenzi walisemezana kwa lugha gani?

Reli ilifika Mlimba Novemba 1971. Mbele yake, hadi Makambako, zilibaki kilomita zisizozidi 160, nazo zilidai mahandaki 18 na madaraja 46. Penye baruti na mawe yaangukayo, neno lisiloeleweka laweza kuua mtu. Kiingereza, lugha ya ofisi, hakikufaa hapo: mafundi wengi wa Kichina hawakukijua, wala hawakukijua vijana wengi walioshika sururu. Wakalimani nao walikuwa wachache.

Kilichobaki ni Kiswahili, nacho hakikuwa lugha ya mama kwa upande wowote. Mbena wa Njombe alikipata shuleni, au alikirithi kwa wazee waliokwenda kwa mkataba katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Mchina alikiokota neno baada ya neno. Basi hapakuwa na mwenye lugha wa kumcheka mwenzake. Pale maneno yalipokwisha, mkono ulisema: fundi alitenda, mwanafunzi akatazama, kisha naye akatenda.

Lakini mafunzo ya mkono yana mpaka wake. Mkono waonyesha namna ya kulaza taruma. Hauwezi kueleza kwa nini daraja hubeba uzito wake. Kwa hiyo mwaka 1972 vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea kazi za reli. Huko mambo yaligeuka: sasa Mwafrika ndiye aliyekuwa mgeni, na ilimlazimu kujifunza Kichina kabla ya kujifunza reli.

Agosti 1973 reli ilivuka mpaka wa Zambia, na Julai 1976 ilikabidhiwa rasmi. Wachina zaidi ya 60 walikuwa wamekufa katika kazi hiyo, na Waafrika pia. Mamlaka mpya, ikiwa ni ya nchi mbili, ilishika Kiingereza katika maandishi yake. Hivyo lugha iliyopasua milima ya Makambako haikupewa nafasi vitabuni, na aliyeijenga reli kwa Kiswahili alihitaji lugha nyingine ili aisome kanuni ya kuiendesha. Hasara hiyo haikuandikwa katika hesabu yoyote ya mkopo.