Jiwe Zima la Uluguru

Ulanga ndio uliotangulia kuitangazia Uluguru sifa ya mawe. Enzi za Wajerumani ulichimbwa milimani, ukabanduliwa tabaka kwa tabaka kama kurasa, kwa kuwa hustahimili moto na huzuia umeme. Katika miamba hiyohiyo, mahali paitwapo Lukwengule, yalipatikana madonge meusi mazito ya urani yenye gamba la manjano. Mwaka 1906 Willy Marckwald, mkemia wa Berlin, alilitambua gamba hilo kuwa madini mapya, akayapa jina la rutherfordini kwa heshima ya Ernest Rutherford. Kipande cha Lukwengule hakina mvuto mkubwa wa sura, na kwa mionzi yake si pambo la sebuleni. Wakusanyaji hukithamini kwa sababu moja tu: huko ndiko madini hayo yalikoelezwa kwa mara ya kwanza duniani.

Rubi na spineli zilikuja kuvuma baadaye sana. Rubi za Matombo, mashariki ya milima, zilielezwa kitaalamu mwaka 1991 na Henry Hänni na Karl Schmetzer. Hukaa ndani ya marumaru nyeupe, ambayo zamani ilikuwa chokaa, ikapikwa na kukandamizwa chini kabisa ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Nyingi zina ukungu na nyufa, hazitoi kito safi cha pete. Lakini fuwele nyekundu iliyochomoza kwenye marumaru nyeupe haihitaji kukatwa ili ipendeze.

Hapo ndipo mkusanyaji na mkata vito wanapoachana njia. Jiwe la Longido, la kijani lenye mabaka ya rubi, hupendeza likisuguliwa likang'aa. Spineli ya Morogoro ni kinyume chake: fuwele yake ya pande nane huwa na mng'ao wake wa asili, na ikisuguliwa bei hushuka. Mthamini huanza kwenye ncha, maana ncha iliyomeguka huonekana mara moja. Kisha huchunguza kwa lenzi pale fuwele inapokutana na marumaru. Gundi hujificha hapo, na mara nyingi taa ya urujuanimno huifichua kwa mwanga wa samawati, huku spineli yenyewe ikiwaka wekundu.

Hasara inayojulikana zaidi ilitokea kusini ya Mkoa wa Morogoro, Mahenge. Mwaka 2007 machimbo ya Ipanko yalitoa fuwele kubwa mno za spineli, moja ikiwa na zaidi ya kilo 50. Zilipasuliwa, sehemu angavu zikawa vito vya bei kubwa. Kibiashara uamuzi huo unaeleweka. Kwa makumbusho, ni pengo.

Tangu 2019 madini huuzwa katika masoko maalumu. Anayenunua kipande huko aandike siku hiyohiyo jina la shimo na mwaka, kwa sababu jiwe lisilojulikana lilikotoka hulipwa rangi yake tu.