Minyoo fundo kwenye mibuni ya Mbozi

Minyoo fundo ni minyoo midogo ya jenasi Meloidogyne, ikaayo udongoni na kunyonya mizizi. Mkoani Songwe mti wa kuangaliwa kwanza ni mbuni wa arabika, zao la biashara la wilaya ya Mbozi tangu enzi za ukoloni. Hata jina la jenasi limezaliwa kwenye kahawa: Emílio Goeldi alilitoa mwaka 1887 alipochunguza mibuni iliyokuwa ikifa Brazili.

Mnyoo mchanga, mwenye urefu usiozidi nusu milimita, hupenya karibu na ncha ya mzizi. Akifika kwenye njia za maji na chakula hutema mate yanayovimbisha seli chache, zikawa chungu chake cha kudumu. Jike hunenepa mfano wa pea, haendi tena popote, na hutaga mamia ya mayai ndani ya ute. Kwenye joto, kizazi kimoja hukamilika kwa takriban mwezi. Kwenye baridi ya Mbozi huchelewa.

Juu ya ardhi mkulima huona majani ya njano na mti unaonyauka mchana wa kiangazi, huongeza mbolea, na mbolea inapotea bure. Ushahidi uko chini. Fukua mzizi mwembamba uuoshe: vifundo ni sehemu ya mzizi wenyewe, havibanduki. Vinundu vya maharage yaliyopandwa kati ya mibuni hubanduka kwa ukucha, na vikiwa hai ndani huwa na wekundu. Vinundu hivyo ni neema. Makadamia nayo ina vishada vya vijizizi ambavyo ni maumbile yake, si ugonjwa.

Miche bora ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa yenye kituo Mbimba karibu na Vwawa, ilichaguliwa kwa kuhimili chulebuni na kutu ya majani. Minyoo fundo ni habari nyingine. Kwa nguvu zake mnyoo husogea kama mita moja kwa mwaka. Safari ndefu hupewa na udongo wa kiriba cha mche. Ndiyo maana udongo wa kitalu hulowanishwa na kufunikwa nailoni angavu juani kwa wiki nne hadi sita. Shambani husaidia marejea, mmea ambao wamisionari wa Peramiho waliueneza kusini. Minyoo fundo mingi huingia mizizini mwake isizaliane vizuri. Mche wenye vifundo haupandwi: huchomwa, na udongo wake haurudishwi kwenye lundo.