Mfereji Husafishwa na Anywaye Maji Yake: Historia Fupi ya Usafi wa Kujitolea Arusha na Meru



Anayeombwa mchango ana haki ya kujua jambo analochangia limetoka wapi. Ndiyo maana tumetenga kurasa hizi za kijarida chetu cha harambee kwa ajili ya historia. Mwaka huu tunachangia usafi na upendezeshaji wa mitaa yetu: mitaro, kingo za mito, miti ya barabarani na vifaa vya watu wanaojitolea. Tunaomba msome kwanza, mfungue mifuko baadaye.

Wote tunaijua Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Maduka hufunguliwa kwa kuchelewa, watu hutoka na machepe, reki na mafagio, mtaro unazibuliwa. Tope, chupa na vipande vya plastiki vinarundikwa kando. Ikifika saa nne tunanawa mikono, tunapiga picha ya pamoja, kila mtu anakwenda kwenye shughuli zake. Rundo linabaki pale pale. Gari la taka likichelewa siku mbili tatu na mvua ikatangulia, kila kilichotolewa mtaroni kinarudi mtaroni. Jasho la mtaa mzima limekwenda na maji.

Wazee wetu wa mlimani walikuwa na mifereji kabla ya kuwapo mitaro ya zege, nao hawakuiacha izibe. Tuanzie kwao.

Sheria ya mfereji

Wameru walilima ndizi kwenye miteremko ya mashariki ya mlima kwa karne kadhaa. Waarusha waliingia miteremko ya kusini na magharibi katika karne ya 19, wakitokea Arusha Chini. Watu hawa wawili walipigana, wakaoana, wakashirikiana marika, na wote walitegemea kitu kimoja: maji yashukayo kutoka Meru. Walichimba mifereji kutoka kwenye vijito, wakayaongoza maji shamba hadi shamba.

Mfereji haukuwa mali ya mtu mmoja. Ulikuwa na watu wake, waliochimba na warithi wao, na ulikuwa na msimamizi. Tope likijaa au ukingo ukibomoka, mbiu ilipigwa na watu wakatoka na majembe. Hapa kaskazini tumezoea kuiita kazi ya namna hiyo msaragambo. Asiyetoka bila sababu alitozwa, au zamu yake ya maji ilimpita. Hapakuhitajika hotuba ndefu. Mtu aliona kwa macho yake kwamba mfereji ukiziba juu, mgomba wa chini unakauka. Na aliyekaa juu alijua kwamba wa chini ni shemeji yake.

Tuyashike mambo matatu katika utaratibu huo. Kila kipande cha mfereji kilikuwa na watu waliojulikana. Siku ya kazi ilifuata hali ya mfereji, haikungoja mgeni rasmi. Na kazi haikuhesabiwa kuwa imekwisha mpaka maji yapite.

Kazi ya boma na mchango wa ardhi

Kisha ikaja kazi ya aina nyingine. Mwaka 1896 wamisionari wawili waliuawa Akeri, na majeshi ya Wajerumani yakalipiza kisasi kwa kuchoma makazi na kuteka mifugo. Machi 1900 viongozi kadhaa wa Kilimanjaro, Meru na Arusha walinyongwa huko Moshi, Mangi Meli akiwa mmoja wao. Katika kipindi hicho ndipo boma la Arusha lilipojengwa, na walioteka maji, kubeba mawe na kusimamisha kuta walikuwa watu wa hapa, kwa amri. Jengo lenyewe bado lipo. Leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, na watoto wetu hupelekwa pale na shule zao.

Mji uliozunguka boma hilo ulisafishwa kwa amri pia. Walikuwapo bwana afya na askari wake, vikiwapo vitongoji vya Wazungu, vya Wahindi na vya Waafrika, kila kimoja na huduma za kiwango chake. Wazee wengi walijifunza hapo kwamba usafi ni jambo la serikali, na kwamba mwenye kushika fagio mjini ni mtu aliyelazimishwa au aliyekosa kazi nyingine. Fikra hiyo haikuondoka na wakoloni.

Lakini enzi hizo hizo zilituachia mfano mwingine. Mwishoni mwa mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu takriban watu 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Wameru wakachanga fedha. Hawakuwa matajiri, walikuwa wakulima wa kahawa na ndizi na wafugaji wa ng'ombe wachache. Mwaka 1952 mjumbe wao, Kirilo Japhet, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa na kueleza walivyotendwa. Uamuzi waliouomba hawakuupata siku ile. Hata hivyo dunia ilisikia, na Tanganyika nzima ikajifunza kitu kutoka kwao.

Hakuna askari aliyewalazimisha kutoa fedha zile. Boma lilijengwa kwa viboko, safari ya New York kwa michango, na mikono ilikuwa ya watu wale wale wa mlima mmoja. Kilichotofautiana ni kama mwenye mkono alikuwa na sauti katika jambo lenyewe.

Kutoka Uhuru na Kazi hadi Mtu ni Afya

Baada ya Desemba 1961, kazi ya kujitolea ilipewa heshima mpya. Chini ya wito wa Uhuru na Kazi, vijiji vilijenga madarasa, zahanati na barabara kwa nguvu zao. Mwaka 1967 mji wetu uliingia katika historia ya Afrika kwa Azimio la Arusha, na kujitegemea kukawa neno la kila siku. Mwalimu Nyerere alifuatisha na Elimu ya Kujitegemea, na shule zikawa na mashamba, mabanda na zamu za usafi. Wengi wetu tunaosoma kijarida hiki tulikwenda shuleni na kidumu cha maji mkono mmoja na fagio mkono mwingine, na kila mmoja alijua eneo lake la kufagia lilipoanzia na lilipoishia.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 nchini kote walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, halafu wakaenda kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka nyasi, kufukia madimbwi yanayozaa mbu. Kampeni ile haikuanza na fagio. Ilianza na mazungumzo ya majirani, wakiulizana ugonjwa unatoka wapi hapa kwetu na nani afanye nini. Waliposhika jembe, walikuwa wamekwisha kukubaliana.

Katika miaka hiyo pia palikuwa na balozi wa nyumba kumi. Tunaweza kubishana kuhusu siasa za mfumo ule, lakini jambo moja ulilifanya vizuri: ulimpa kila mkazi mtu mmoja wa kumwendea, anayemjua kwa jina, asiyekaa mbali.

Mji unakua, taka zinabadilika

Katika sensa ya mwaka 1967 mji wa Arusha ulikuwa na watu takriban 32,000. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 416,442 katika jiji, na ile ya 2022 ikahesabu 617,631. Mashamba ya pembezoni yakawa mitaa. Muriet, Olasiti, Moshono na Terrat ni majina ambayo babu zetu hawakuyahusisha na mji hata kidogo.

Taka nazo zilibadilika. Maganda ya ndizi, majivu na mabua vilikuwa na pa kwenda: shimoni, mgombani au kwa ng'ombe. Plastiki haina mgomba wa kuilisha. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia tarehe 1 Juni 2019, na tofauti ilionekana haraka kwenye miti na nyaya. Chupa, vifungashio na nepi zimebaki, na siku hizi ndizo zinazoziba mitaro ya Unga Limited, Daraja Mbili na Sombetini mvua za masika zinapoanza. Jiji lina dampo la kisasa huko Muriet. Kati ya mlango wa mama na dampo hilo, hata hivyo, kuna safari ndefu, na sehemu kubwa ya taka hupotelea njiani.

Zinapopotelea tunakujua. Mito ya Themi, Naura na Ngarenaro inateremka kutoka Meru na kupita katikati ya nyumba zetu. Maji ya Themi huingia Kikuletwa, Kikuletwa huingia Bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo Pangani huyabeba hadi Bahari ya Hindi. Njiani kuna wanaomwagilia mboga ambazo kesho zitauzwa Soko Kuu na Kilombero. Chupa tunayoitupa Sekei haijapotea. Imepelekwa kwa jirani wa chini, na mboga zake zinarudi mezani kwetu.

Jina Ngarenaro lina asili ya Kimaasai, na maana yake ni maji meusi. Waliolitoa hawakuwa wakizungumzia taka. Ni juu yetu kuhakikisha kwamba wajukuu hawataelewa vibaya.

Desemba 2015 na baada yake

Tarehe 9 Desemba 2015 hapakuwa na gwaride la Uhuru. Rais John Magufuli aliagiza siku hiyo itumike kwa usafi nchi nzima, naye mwenyewe akatoka Ikulu akaokota taka. Hapa Arusha nasi tulitoka. Baadaye Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ikawa siku ya usafi. Ulikuwa wito mzuri, na ulivunja ile fikra ya zamani kwamba fagio ni la mtu duni.

Majirani wamepita njia hiyo pia. Rwanda wana umuganda, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, na baada ya kazi wakazi hukaa chini kujadili mambo ya mtaa wao. Moshi, ndugu zetu wa upande wa pili wa barabara ya Tengeru, wamesifiwa kwa usafi miaka mingi kiasi kwamba tumechoka kuusikia mfano wao. Lakini tukubali: pale mtu akitupa ganda chini, mpita njia humwambia aokote. Sheria ndogo ipo, na jicho la jirani lipo.

Kwetu wito umebaki kuwa wa siku moja. Tumeazima siku ya msaragambo, tukaacha utaratibu wake. Mtaro hauna watu wanaojulikana kuwa ni wake. Siku ya kazi inafuata kalenda, mtaro ukiwa umeziba tangu wiki ya kwanza. Na tunahesabu kazi imekwisha rundo likiwa bado kando ya barabara.

Tunachoomba

Kwa hiyo harambee hii haiombi fedha za siku kubwa ya usafi yenye fulana na mabango. Siku hizo tumezifanya, na tunawashukuru wote waliojitokeza. Tunaomba fedha za kuurudisha utaratibu wa mfereji mjini.

Kwanza, kila mtaro tutakaouhudumia ugawanywe vipande, na kila kipande kiwe na nyumba zake kumi hivi na msimamizi waliyemchagua wenyewe, kwa kushirikiana na mwenyekiti wa mtaa. Pili, tununue maguta na matoroli, ili kinachotolewa mtaroni kiondoke siku ile ile hadi mahali gari linapokusanyia taka. Hili ndilo litakalokula fedha nyingi, na ndilo tusiloweza kuliacha. Tatu, tununue machepe, reki, glavu na viatu vya mpira, vitunzwe mtaani na vipatikane siku yoyote mtaro unapoziba. Nne, tupate miche ya miti ya asili kwa ajili ya kingo za mito, ambako Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60, pamoja na miti ya kivuli kwa barabara zetu. Mijakaranda inayotupendezesha kila Oktoba na Novemba ilipandwa na watu ambao wengi wao hawakuketi chini ya kivuli chake.

Mlio mbali, Dar es Salaam, Nairobi, Muscat au Minneapolis, hamwezi kushika chepe Jumamosi ijayo. Mnaweza kununua guta. Mlio karibu, tunaomba fedha na tunaomba mikono. Na asiye na fedha asione haya, kwa maana hata kwenye mfereji wapo waliokuja na jembe na wapo waliokuja na chakula cha wenye majembe.

Hesabu ya kila shilingi tutaisoma mbele yenu kwenye mkutano mkuu ujao, pamoja na orodha ya vipande vya mitaro na wasimamizi wake. Mkipita pale mkakuta kipande kimeziba, msitupigie simu sisi kwanza. Muulizeni msimamizi wa kipande hicho, na kama mnaishi hapo, muulizane ninyi kwa ninyi.

Wazee walipomaliza kusafisha mfereji hawakuondoka mara moja. Walisimama kwenye ukingo wakangoja mpaka maji yafike shamba la mwisho. Nasi tunawaalika tusimame hapo pamoja.