Thamani ya Kitabu Kikuukuu

Msomaji, watu wengi hupima kitabu kwa jalada lake. Kikiwa kipya hukienzi. Kikichakaa hukitupa jaani. Huko Marekani, hata hivyo, wako watu wanaotafuta kwa bidii vitabu vikuukuu, hasa chapa za kwanza za maandishi yasiyopata sifa zamani zake. Sikiliza sababu.

Mwaka 1827 kijana wa miaka 18, Edgar Allan Poe, alichapisha mjini Boston kijitabu cha mashairi chenye kurasa 40, kiitwacho Tamerlane. Hakutia jina lake, na karibu hapana aliyekijali. Baadaye Poe alipata umaarufu, kijitabu kikasakwa. Nakala zijulikanazo ni kama 12 tu. Mwaka 1988 mtu mmoja aliiona nakala moja katika duka la vitu vya kale huko New Hampshire, akainunua kwa dola 15. Iliuzwa mnadani kwa dola 198,000.

Lakini fedha ni faida ndogo. Mwaka 1859, katika mji ule ule wa Boston, mwanamke fukara aitwaye Harriet Wilson alitoa riwaya yake, Our Nig, ili apate riziki yake na ya mwanawe. Wanunuzi walikuwa haba, na mwaka uliofuata mtoto alifariki, naye ana miaka saba. Kitabu kikasahauliwa kwa zaidi ya miaka 100, na baadhi ya wachache waliokijua walidhani mwandishi wake alikuwa Mzungu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mtaalamu Henry Louis Gates alinunua nakala kuukuu katika duka la vitabu mjini New York. Alipopekua kumbukumbu za serikali alikuta cheti cha mauti cha yule mtoto, kilichoandika kuwa ni mweusi. Ndipo ilipothibitika kuwa mama yake ndiye mwanamke mweusi wa kwanza kuchapisha riwaya nchini Marekani. Kitabu hakikumwokoa mtoto, bali cheti cha mtoto kilimrudishia mama haki yake. Kama nakala zile zingalitupwa zote, haki hiyo ingalipotea milele.

Basi msomaji, ukikuta sandukuni mwa babu yako kitabu kilicholiwa na mchwa, usikitie motoni. Soma jina na mwaka wake, kisha ukiweke mahali pakavu. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.